Motezuma ya Vivaldi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Opera hii ilichezwa Venice mwaka 1733, ikapotea, ikaonekana tena mwaka 2002 ndani ya shehena ya makaratasi yaliyotoka Kyiv, na kabla haijapanda tena jukwaani ikaburutwa mahakamani. Anayeisikia habari yake kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Haya hapa, na majibu yake.

Motezuma ni opera gani hasa?

Ni opera ya Kiitaliano ya aina iliyoitwa opera seria, yenye sehemu tatu. Muziki ni wa Antonio Vivaldi, maneno ni ya Alvise Giusti. Katika orodha ya kazi za Vivaldi inatambulika kwa namba RV 723. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 14 Novemba 1733, katika ukumbi wa Sant'Angelo uliokuwa kando ya Mfereji Mkuu wa Venice. Inahusu kushindwa kwa mfalme wa Waazteki na Wahispania wa Hernán Cortés, na ni miongoni mwa opera za mwanzo kabisa kuyaleta Mexico na vita vile kwenye jukwaa la Ulaya.

Mbona imeandikwa "Motezuma" na si "Montezuma"? Ni kosa la chapa?

Hapana. Giusti aliitoa hadithi yake kwa Antonio de Solís, Mhispania aliyechapisha historia ya kutekwa kwa Mexico mwaka 1684, na Solís aliandika hivyohivyo, Motezuma. Kwa Kinahuatl, lugha ya mfalme mwenyewe, jina ni Motecuhzoma, na Wamexico wa leo huandika Moctezuma. Ile "n" ndiyo mgeni.

Faida ya kulijua hili ni unapotafuta kwenye intaneti. Ukiweka "n" utapelekwa kwenye opera ya mtunzi Graun ya Berlin, au kwenye Montezuma aliyoiunga Jean-Claude Malgoire mwaka 1992, wakati muziki wa asili ulikuwa haujaonekana. Malgoire alichukua maneno ya Giusti akayavalisha muziki wa Vivaldi kutoka kazi nyingine. Wapo wanaoisikiliza hiyo hadi leo wakidhani ndiyo yenyewe.

Vivaldi si yule wa Majira Manne? Kumbe aliandika na opera?

Ndiye, mwenye zile konserto nne (vipande vya fidla na okestra). Na yeye mwenyewe angeshangaa kusikia kwamba anakumbukwa kwa fidla tu. Katika barua ya mwaka 1739 alijigamba kwamba ametunga opera 94. Wataalamu wamefanikiwa kufuatilia takriban 50, na muziki uliobaki ni wa opera 20 hivi. Labda alizihesabu na zile alizozikarabati za watu wengine, labda alitia chumvi. Alikuwa mfanyabiashara pia, na mfanyabiashara hapunguzi hesabu yake.

Alizaliwa Venice mwaka 1678, akapewa upadri mwaka 1703, lakini hakukaa sana akaacha kuongoza misa kwa madai ya kubanwa na kifua. Watu walimwita il prete rosso, padri mwekundu, kwa rangi ya nywele zake. Pale Sant'Angelo hakuwa mtunzi peke yake. Kwa misimu mingi ndiye aliyekuwa na dhamana ya ukumbi: kuajiri waimbaji, kutafuta fedha, kuhesabu viti vilivyouzwa. Ulikuwa ukumbi wa bei nafuu ukilinganisha na San Giovanni Grisostomo, ambako matajiri walikwenda kumsikia mwimbaji Farinelli na watunzi wa mtindo mpya wa Napoli. Kufikia 1733 Vivaldi alikuwa mzee wa mjini anayeshindana na vijana, na hali hiyo inasikika ndani ya Motezuma: kuna nyimbo za mtindo wa Napoli zilizotungwa na mtu anayetaka kuonyesha kwamba na yeye anaweza.

Opera seria ni nini kwa lugha nyepesi?

Ni tamthilia nzito inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, yenye wafalme, majemadari na wapenzi wenye mitihani, na kwa kawaida mwisho wake ni wa msamaha. Inaendeshwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni recitativo, na Kiswahili kina neno lake zuri: kughani. Mhusika anasema kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba, nyuma yake kuna kinanda cha hapsikodi na ala ya besi tu. Hapo ndipo hadithi inaposonga, watu wanagombana, barua zinasomwa, visu vinachomolewa.

Ya pili ni aria, wimbo wenyewe. Aria ikianza, saa inasimama. Mhusika anaimba ubeti wa kwanza, anaimba wa pili wenye hisia tofauti, kisha anarudi kuuimba ule wa kwanza. Katika kurudia huko haruhusiwi kuimba vilevile. Anatia vikorombwezo, anapanda pale alipokuwa ameshuka, anarefusha pumzi hadi ukumbi unashika roho. Akimaliza anatoka jukwaani na makofi yake. Ndiyo maana katika opera hizi kila mtu anaondoka mara tu baada ya kusema jambo zito. Anayeziona kwa mara ya kwanza huona kichekesho.

Hadithi yenyewe inaendaje?

Giusti hakuanza na safari, wala na Cortés kupokewa kwa zawadi, wala na dhahabu. Pazia likifunguka vita vimekwisha pigwa na Motezuma amekwisha shindwa. Maneno yake ya kwanza ni "Son vinto, eterni dei": nimeshindwa, enyi miungu wa milele. Mahali ni ziwa la Mexico, linalotenganisha kasri la mfalme na kambi ya Wahispania, na juu yake daraja la fahari. Hapo panataka kusimama kidogo. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulijengwa juu ya maji, ukakatwa na mifereji, na tangu karne ya 16 waandishi wa Ulaya walikuwa wakiufananisha na Venice. Watazamaji wa Sant'Angelo walifika kwa mashua. Walipoona mfalme amesimama kando ya maji akiomboleza dola yake, hawakuhitaji kuambiwa huko ni wapi.

Motezuma anampa mkewe Mitrena jambia: amuue binti yao Teutile, kisha ajiue, kuliko kuwa mateka. Haifiki huko. Teutile anampenda Ramiro, ndugu mdogo wa Fernando (ndivyo opera inavyomwita Cortés), na hapo ndipo penye fundo la hadithi: binti wa mshindwa na ndugu wa mshindi. Mitrena anasimama mbele ya Fernando na kujibishana naye kwa hoja, kama mtu aliye kortini, si kama mateka. Jemadari Asprano naye analeta habari kwamba miungu inadai kafara, na kafara yenyewe ni Teutile. Kunatokea kukamatana, kuponyoka na kujificha kwingi kuliko ninavyoweza kusimulia bila kukuchosha.

Mwisho, Fernando anasamehe. Teutile anaolewa na Ramiro. Motezuma anakubali kuwa chini ya mfalme wa Hispania, na wote wanaimba pamoja.

Anasamehe? Si Motezuma aliuawa?

Aliuawa, ndiyo. Wahispania waliingia Tenochtitlan tarehe 8 Novemba 1519, wakamweka mfalme kizuizini, na mwishoni mwa Juni 1520 akafa. Masimulizi ya Wahispania yanasema alipigwa mawe na watu wake mwenyewe alipotolewa kwenda kuwatuliza. Masimulizi ya wenyeji yanasema Wahispania ndio waliomuua. Mji ulianguka tarehe 13 Agosti 1521. Hapakuwa na harusi.

Opera seria ilikuwa na desturi yake: jukwaani mtawala huonyesha huruma, na mambo humalizika kwa heri. Giusti alifuata desturi. Wahusika wengine aliwatengeneza mwenyewe. Ramiro ni wa kubuni. Teutile katika kitabu cha Solís ni mwanamume tena afisa mkubwa, ndiye aliyekwenda pwani kumpokea Cortés. Giusti alilipenda jina akampa msichana.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaoitupa libreto hii, yaani maneno ya opera, kwa kusema ni sifa tupu kwa wavamizi. Isome sehemu ya Mitrena. Yeye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, na Fernando kila akijibu kwamba amekuja kuleta nuru, jibu linasikika jepesi. Venice haikuwa na mapenzi na Hispania, na mwandishi aliyetaka kuupa upande wa walioshindwa sauti angeweza kufanya hivyo bila kumkasirisha mtu mkubwa. Msamaha wa mwisho unafika ghafla mno, kama pazia lililoanguka kabla ya wakati.

Kwa nini Cortés anaimba kwa sauti ya kike na Motezuma kwa sauti nzito?

Hili ndilo swali linaloulizwa na karibu kila mtu. Katika opera za wakati ule shujaa kijana aliimba sauti ya juu, na mara nyingi mwimbaji alikuwa towashi: mvulana aliyehasiwa kabla ya kubalehe ili sauti isivunjike, kisha akafunzwa kwa miaka hadi akawa na sauti ya mtoto ndani ya kifua cha mtu mzima. Masikio ya watu wale yalisikia utukufu hapo, hayakusikia uanamke. Fernando aliimbwa na Francesco Bilanzoni, towashi wa soprano. Asprano na towashi mwingine, Marianino Nicolini. Ramiro aliimbwa na mwanamke aliyevaa nguo za kiume, Angiola Zanuchi. Teutile alikuwa Giuseppa Pircher.

Anayeshangaza ni Motezuma. Alipewa Massimiliano Miler, mwenye sauti ya besi, na ni nadra opera ya aina hii kubeba jina la mhusika wa besi. Sauti hizo kwa kawaida walipewa wazee, mashekhe wa mahekalu na majabari. Ukiisikiliza bila kuelewa neno hata moja, bado unasikia mwanamume mmoja wa makamo aliyezungukwa na sauti zinazoruka juu yake.

Anna Girò ni nani, na kwa nini jina lake linatajwa sana?

Ndiye aliyeimba Mitrena. Alitoka Mantua, akawa mwanafunzi wa Vivaldi, na kwa miaka mingi aliimba katika opera zake. Hakuwa na sauti kubwa, ila alijua kuigiza. Mwandishi Carlo Goldoni alisimulia jinsi mwaka 1735, walipokuwa wakitayarisha opera ya Griselda, Vivaldi alivyomwambia kwamba Girò hapendi nyimbo za kulegea. Anataka wimbo wenye mshituko, wenye maneno yanayokatika na vitendo. Goldoni aliketi akauandika palepale.

Nafasi ya Mitrena ilishonwa kwa kipimo cha Girò. Ndiyo maana nafasi yake imejaa kughani kwa nguvu, na nyimbo zake zinadai mwigizaji kuliko koo la dhahabu.

Umbea ulikuwepo, bila shaka. Padri asiyeongoza misa, anayesafiri na mwimbaji wa kike. Vivaldi alikana katakata. Mwaka 1737 Kardinali Ruffo wa Ferrara alimpiga marufuku kuingia mjini humo kwa sababu hizohizo mbili, misa na Girò, na hasara aliyoipata ilikuwa kubwa. Mwaka 2008 Motezuma ilionyeshwa kwenye ukumbi wa manispaa ya Ferrara. Kardinali hakuwepo.

Muziki ulipoteaje? Haukuchapishwa?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, na jibu lake litatufaa tukifika kwenye kesi.

Maneno yalichapishwa. Libreto ilikuwa kijitabu kidogo kilichouzwa mlangoni mwa ukumbi. Watu walikisoma wakati wa onyesho kwa mwanga wa vimshumaa, na hadi leo vijitabu vya Venice vya zama hizo huonekana vikiwa na madoa ya nta. Kikishatumika msimu mmoja, basi. Kwa sababu nakala zilikuwa nyingi, maneno ya Motezuma hayakupotea.

Muziki ulikuwa jambo jingine. Katika Italia ya wakati ule hakuna aliyechapisha nota za opera nzima. Mtunzi aliandika kwa mkono, wanakili wakatoa karatasi za kila mwimbaji na kila mpigaji, na nakala kuu ikabaki ukumbini. Mgeni aliyeipenda, kama wakala wa mfalme fulani wa Ujerumani, aliagiza nakala, mwanakili akaiandika, akalipwa. Mwaka huohuo wa 1733, mwezi Februari, Mwingereza Edward Holdsworth alimwandikia rafiki yake Charles Jennens kwamba amekutana na Vivaldi, na Vivaldi amemwambia hachapishi tena konserto zake, kwa sababu nakala za mkono zinamlipa vizuri zaidi. Alikuwa akitaka gini moja, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, kwa kila kipande. Kwa maneno mengine, karatasi moja iliyoandikwa kwa wino ilikuwa na bei kuliko mia zilizopigwa chapa.

Hasara yake ni kwamba kitu chenye nakala mbili tatu hupotea upesi. Vivaldi alikufa Vienna mwaka 1741 akiwa hana kitu. Sehemu kubwa ya karatasi zake binafsi ilikuja kuonekana miaka ya 1920, ikanunuliwa kwa ajili ya maktaba ya taifa ya Turin mwaka 1927 na 1930. Opera nyingi tulizonazo zimetoka humo. Motezuma haikuwemo.

Iliwezaje basi kuwa Kyiv?

Safari ndefu. Berlin kuna chama cha waimbaji kinachoitwa Sing-Akademie, kilichoanzishwa mwaka 1791, kile ambacho mwaka 1829 mtunzi Mendelssohn alikiongoza kufufua Mateso ya Mtakatifu Mathayo, kazi ya mtunzi Bach. Maktaba yake ilikusanya nakala za mkono kwa maelfu, hasa za familia ya Bach. Humo ndimo ilimokuwamo nakala ya opera ya Venice.

Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto, mwaka 1943, maktaba ilihamishwa ili isiteketezwe na mabomu, ikafichwa kwenye ngome ya Ullersdorf huko Silesia, mashariki ya Ujerumani ya wakati ule. Jeshi la Kisovieti lilipofika likaichukua kama ngawira. Ikapelekwa Kyiv, na kwa zaidi ya nusu karne Berlin haikujua iliko. Mwaka 1999 Christoph Wolff, mtaalamu wa Bach wa Harvard, pamoja na wenzake akiwemo Patricia Kennedy Grimsted aliyezoea kufukua nyaraka za zama za Kisovieti, walifanikiwa kuiona kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ukraine. Mwaka 2001 Ukraine iliirudisha Berlin, vipande zaidi ya 5,000.

Dunia nzima ilikuwa ikishangilia Bach. Hakuna aliyekuwa akimtafuta Vivaldi.

Nani aliitambua?

Steffen Voss, mtaalamu wa muziki kutoka Ujerumani, mwaka 2002. Naye alikuwa akitafuta kazi za mtunzi Händel. Akakuta nota za opera zisizo na mwanzo, alizoandika mwanakili na si Vivaldi kwa mkono wake. Maneno yaliyo chini ya nota ndiyo yaliyoitoa siri: yalikuwa yaleyale ya libreto ya 1733. Kwa hiyo kile kijitabu cha bei rahisi, chenye madoa ya nta, ndicho kilichoupa muziki jina lake.

Kesi ilihusu nini?

Sheria ya hakimiliki ya Ujerumani, kifungu cha 71, inasema hivi: ukiichapisha kazi ambayo haijawahi kutolewa hadharani, na ambayo muda wake wa hakimiliki umekwisha, unapata haki yako mwenyewe juu yake kwa miaka 25. Nia ni kuwatia moyo watu watoe vilivyofichika. Sing-Akademie ilitoa nakala ya picha ya zile karatasi, kisha ikasema: sisi ndio wa kwanza, anayetaka kuipiga opera hii aje kwetu.

Mwezi Juni 2005 ilipigwa bila maigizo mjini Rotterdam, chini ya Federico Maria Sardelli. Tamasha moja la Düsseldorf lilipopanga kuipandisha jukwaani mwezi Septemba, Sing-Akademie ikaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikazuia. Mahakama ya rufaa ikaondoa zuio mwezi Agosti, na opera ikachezwa Septemba. Kesi haikuishia hapo. Ilipanda hadi Karlsruhe, kwenye Bundesgerichtshof, mahakama ya juu kabisa ya Ujerumani kwa mashauri ya madai, nayo ikatoa uamuzi tarehe 22 Januari 2009.

Swali likawa moja: je, opera hii ilikuwa "haijawahi kutolewa"? Ukilisoma kwa macho ya leo unasema ndiyo, hakuna kitabu, hakuna chapa. Mahakimu walikataa kuisoma hivyo. Waliuliza kutoa muziki hadharani kulikuwa na maana gani kwa mtu wa Venice mwaka 1733. Jibu ni ile desturi niliyoieleza: karatasi zilikwishagawiwa waimbaji na wapigaji, na nakala kuu ilikuwa ukumbini ambapo yeyote aliyeitaka angeweza kuagiza yake kwa mwanakili. Kwa wakati ule, huko ndiko kuchapisha. Na anayedai kwamba kazi haikutolewa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Sing-Akademie ikashindwa.

Nimeusoma uamuzi ule zaidi ya mara moja, na kinachonifurahisha ni kwamba mawakili wa karne ya 21 ilibidi wabishane juu ya mishahara ya wanakili wa Venice. Ila sioni kwamba madai ya Sing-Akademie yalikuwa ya tamaa tupu. Maktaba yao ilichukuliwa, ikakaa nusu karne ugenini, ikarudi ikidai fedha za kuihifadhi. Walikosea sheria, uchungu wao haukuwa wa bure.

Kwa hiyo leo naweza kuiimba bila kuomba ruhusa?

Nota za Vivaldi, ndiyo. Angalia tu usichanganye. Toleo ambalo mtu wa leo amejazia sehemu zilizopotea lina kazi yake ndani, na kazi hiyo ina mwenyewe. Rekodi nazo zina haki zake.

Sehemu zilizopotea ni zipi, na zinajazwaje?

Mwanzo wa sehemu ya kwanza haupo. Sehemu ya pili iko vizuri. Ya tatu imebaki vipande. Kwa kuwa libreto ni kamili, tunajua hasa nani alipaswa kuimba nini wapi. Kinachokosekana ni sauti.

Wajazaji hutumia njia mbili. Wanatafuta aria ya Vivaldi kutoka opera nyingine ambayo mizani yake inalingana na beti za Giusti, wanabadilisha maneno. Vivaldi mwenyewe alifanya hivyo kila msimu, kwa hiyo si dhambi. Kughani hakuchukuliwi kokote, huandikwa upya kwa kuiga mkono wake. Ndiyo maana Motezuma mbili za mabingwa wawili tofauti zinaweza kutofautiana sana sehemu ya tatu, na msikilizaji asidhani kwamba mmoja amekosea.

Nianzie wapi kusikiliza?

Rekodi ya Alan Curtis na kundi lake la Il Complesso Barocco, iliyotoka mwaka 2006. Sehemu zilizokosekana zilijazwa na Alessandro Ciccolini. Vito Priante ni Motezuma, Marijana Mijanović ni Mitrena, Maite Beaumont ni Fernando, Roberta Invernizzi ni Teutile, Romina Basso ni Ramiro, Inga Kalna ni Asprano. Angalia orodha hiyo: ukimtoa Motezuma, wote ni wanawake. Matowashi hawapo tena, alhamdulillahi, na kazi zao leo huimbwa na wanawake au wanaume waliojifunza sauti ya juu.

Usianze mwanzo; opera seria ya muda wa saa tatu si chai ya asubuhi. Anza na Mitrena: "S'impugni la spada", upanga na ushikwe, kisha "La figlia, lo sposo", binti yangu, mume wangu. Katika ya kwanza fidla zinakimbia kama zimetumwa. Katika ya pili mama anavutwa huku na huku, na ukifunga macho utaelewa kwa nini Girò hakutaka nyimbo za kulegea. Ukizipenda hizo mbili, rudi sasa kwa Motezuma, "Gl'oltraggi della sorte". Wanaopenda kuona kuliko kusikia, onyesho la Ferrara lilirekodiwa kwa video.

Kuna opera nyingine juu ya mfalme huyu?

Kadhaa. Henry Purcell alimweka Montezuma ndani ya The Indian Queen, London mwaka 1695, ingawa huko hadithi haina uhusiano wowote na Cortés. Mwaka 1755 Carl Heinrich Graun alitoa Montezuma mjini Berlin, na libreto iliandikwa na Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia mwenyewe. Yeye alikataa mwisho wa heri, mfalme wa Mexico anakufa. Gaspare Spontini akamtukuza Cortés mbele ya Napoleon mwaka 1809. Ukizipanga pamoja utaona kila mji ukimtumia mfalme yule kusema yake.

Nakala iliyogunduliwa iko wapi sasa?

Berlin. Hazina ya Sing-Akademie imewekwa kama amana katika Staatsbibliothek, maktaba ya taifa mjini humo. Kurasa za mwanzo, zile ambazo Motezuma anapaswa kusimama kando ya ziwa akasema ameshindwa, hazijaonekana mpaka leo.